Mbunge wa Mtoni Kavu Amekubali

Ilikuwapo nchi moja, na mpaka leo ipo, ila jina lake sitalitaja. Wenye nchi wakisikia nimelitaja wataniuliza kibali, nami kibali sina. Ni mbali. Ukienda kuitafuta utapita milima na mito, na siku utakayofika utasema, "Ah, si hapa, hapa ni kwetu." Basi ni hapo hapo.

Nchi hiyo ilikuwa na vyama viwili vikubwa, Chama cha Kinu na Chama cha Mchi. Mimi nimetwanga tangu utotoni na sijapata kuona kinu kikigombana na mchi, lakini siasa ni elimu ya watu wengine. Waziri Mkuu alikuwa wa Kinu.

Asubuhi moja Waziri Mkuu aliamka amefurahi. Alikuwa ameota wananchi wote wanampenda. Akawasimulia washauri wake ndoto ile, nao, kwa kuwa walikuwa watu waungwana wasiopenda kumharibia mtu furaha yake, wakamwambia kwamba hiyo si ndoto, ni utafiti. Kufika mchana redio ikatangaza: uchaguzi ambao ulikuwa bado miaka kadhaa utafanyika mwezi huu huu, "ili kuwapunguzia wananchi kero ya kusubiri."

Mvua za kupanda zilikuwa zimeanza. Tulimwuliza afisa wa wilaya kama mvua nazo zinaweza kusogezwa mbele kidogo. Alikuwa kijana mpole, hakutucheka. Alisema suala hilo linashughulikiwa.

*

Sisi wa jimbo la Mtoni Kavu hatukuwa na mgombea. Si kwamba hawakujitokeza. Mgombea wa Kinu alihamia Mchi, na wa Mchi akahamia Kinu, kisha kila mmoja akarudi alikotoka kwa maslahi ya taifa, wakapishana njiani, wakahama tena. Siku ya mwisho Tume ya Uchaguzi iliwauliza, "Wewe ni wa chama gani?" Wakatazamana. Tume ikawaondoa wote wawili, nadhani kwa huruma, wakapumzike.

Ndipo majirani wakaja kwangu.

"Bibi Mwavita, tumekuja kukuomba mtu," alisema Mama Hidaya, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta.

"Mtu yupi? Humu ndani mna mimi na mume wangu tu."

"Huyo huyo mumeo. Tuazime."

Wakacheka, maana mume wangu waliyemtaka alikuwa Masumbuko, mjukuu wangu. Tulitaniana hivyo tangu alipojua kusema. Mama yake, binti yangu wa pekee, alifariki saa ile ile alipomzaa. Mikono iliyompokea ilikuwa hii yangu, na maji ya kwanza nilimwogesha mimi. Jina lile lilitoka kwenye msiba. Yeye mwenyewe hakumsumbua mtu.

Masumbuko alikuwa katibu wa chama chetu cha kuzikana. Penye msiba, alifika kabla ya wapishi. Alibeba turubai, akatandika mikeka, akachimba kaburi, akachemsha chai, na jioni aliketi karibu na mfiwa asiseme kitu. Kuna watu wanajua kusema pole. Yeye alijua kuketi.

"Mimi najua kuchimba kaburi na kuchemsha chai ya msibani," aliwaambia. "Bungeni kuna kazi gani kati ya hizo?"

"Zote mbili," alisema Mama Hidaya.

Alikubali kwa sababu ya dripu. Zahanati yetu ilikuwa na kitanda, ilikuwa na nesi mzuri, ilikuwa na picha ya Waziri Mkuu, lakini dripu hazikuwapo. Masumbuko alichoka kuzika watu ambao, kwa maneno yake, "walikuwa wanakosa maji tu, Bibi, maji yenye chumvi." Basi hakuahidi barabara wala kiwanda. Aliahidi dripu. Watu wakampigia kura kwa sababu hakukuwa na nyumba ambayo hakupata kubeba mtu wake.

*

Hapa nieleze desturi yetu, maana bila hiyo yaliyofuata yataonekana ni uongo.

Kwetu mtu hasemwi amekufa mpaka udongo wa kwanza umwagwe. Kabla ya hapo husemwa amelala. Tunamsalimu, tunamsemesha, tunamwekea kikombe cha maji. Na udongo ule wa kwanza humwagwa na mikono iliyompokea alipozaliwa, kama mikono hiyo bado ipo. Mkono ukishafunguka, ndipo neno lile hutamkwa. Wazee waliona kifo ni kizito kukimeza kwa mara moja, wakatuachia saa chache za kukitafuna.

Walipoandika Katiba ya nchi, wataalamu walizunguka kila kijiji wakila kuku wa watu na kukusanya mila nzuri. Hii yetu waliipenda mno. Wakaiweka humo: mbunge atakoma kuwa mbunge pale udongo wa kwanza utakapomwagwa. Tulipiga makofi. Nani asingefurahi kuona desturi ya bibi yake imechapwa kwenye karatasi nzuri vile?

*

Matokeo yalipotoka, Kinu na Mchi walikuwa wamepata viti sawasawa, kama waliopimiwa kwa kibaba kimoja. Kikabaki kiti kimoja katikati, cha Mtoni Kavu. Redio ilisema Bunge halina mwenyewe. Washauri wakamweleza Waziri Mkuu kwamba wananchi bado wanampenda, ila safari hii wamempenda kwa siri.

Hapo nyumba yangu ikapata wageni. Waziri Mkuu alikuja mwenyewe. Aliketi kwenye mkeka wangu, akaniita "mama mzazi wa demokrasia," akanywa uji mpaka mwisho na akasema ni mtamu, jambo ambalo hakulazimika kulisema. Alipotoka yeye akaingia Kiongozi wa Mchi. Naye aliniita mama mzazi wa demokrasia. Nilimpa uji ule ule.

"Mheshimiwa Masumbuko," alisema Kiongozi wa Mchi, "historia inakutazama. Uko na nani?"

"Niko na wagonjwa," alisema Masumbuko. "Kaeni pamoja muelewane, nyinyi na wenzenu. Atakayetangulia kuleta dripu, huyo nitamfuata."

Kiongozi alicheka sana, akampiga begani. Waziri Mkuu, alipojibiwa hivyo hivyo, alikuwa amecheka na kumpiga bega la upande wa pili. Wote walipiga naye picha. Dripu hazikuja.

Masumbuko alikwenda mji mkuu akaapishwa, akarudi wiki ile ile kwa sababu Mzee Athumani, fundi viatu wetu, alikuwa amefariki. Mvua ilinyesha siku nzima. Watu walimwambia, "Sasa wewe ni mheshimiwa, kaa kivulini." Akauliza kama waheshimiwa huzikwa na waheshimiwa wenzao, akashuka kaburini na jembe. Alirudi anatetemeka. Kesho yake kifua kilimbana. Siku iliyofuata hakuweza kunywa hata maji.

Nilimpeleka zahanati. Nesi alifungua kabati, akafunga, akafungua tena, kama mtu anayetumaini limekosea.

"Bibi, tuliletewa dripu kabla ya uchaguzi," alisema. "Wakazichukua kesho yake, hata hatujazifungua. Ziko mjini, kwenye maonyesho ya mafanikio ya sekta ya afya."

Aliona haya kana kwamba ni yeye aliyezichukua. Alivua kanga yake mwenyewe akamfunika nayo, akakaa miguuni pake akiusugua unyayo mmoja, mimi nikisugua mwingine.

"Mke wangu," alisema Masumbuko, "Mzee Athumani walimfunika vizuri?"

"Walimfunika vizuri, mume wangu."

"Mvua ile ingeweza kufukua."

"Wameweka mawe. Lala."

Akalala.

*

Tulikuwa bado tunakata sanda wakati magari yalipoingia uani. Nilidhani ni watu wa zahanati wameleta dripu, maana uchungu humfanya mtu aamini mambo. Alishuka bwana mmoja aliyevaa suti, amefuatana na askari.

"Bibi, serikali inakupa pole," alisema, "kwa Mheshimiwa kulala."

"Tumeshapoa, baba. Karibu uketi. Tunazika leo jioni."

"Hapana, Bibi. Hamziki. Mheshimiwa anahitajika bungeni."

Mama Hidaya alisimama na mkasi mkononi. "Anahitajika akafanye nini? Huoni alivyo?"

"Dada, kwa mujibu wa Katiba, Mheshimiwa amelala. Nchi haiwezi kukosa serikali kwa sababu mtu mmoja amelala."

Walimchukua. Gari lililomchukua lilikuwa la samaki, limejaa barafu. Dereva wake, aliyeitwa Kibwana, alinisogelea akaniambia kwa sauti ndogo, "Bibi, nimeliosha mara mbili. Na nitapita polepole kwenye mashimo." Nilimshika mkono. Ndiye peke yake aliyejua kwamba ndani ya gari lake mna mtoto wa mtu.

Kesho yake ilitoka amri. Ili kuzuia udongo kumwagwa kiholela, ilikuwa marufuku kuchimba popote katika jimbo la Mtoni Kavu. Majembe yalikusanywa nyumba kwa nyumba, na askari akawekwa kulinda udongo. Mahindi yetu hayakupandwa. Mvua ilikuja, ikatukuta tumekaa barazani, ikaenda zake.

*

Habari za bungeni tulizipata kwa redio ya Mama Hidaya, ambayo ni kubwa kuliko yangu.

Siku ya kwanza mbunge mmoja wa Mchi alisimama akalalamika kwamba Mbunge wa Mtoni Kavu hapumui. Spika, mzee mwenye sauti nzito, alijibu kwamba kanuni za Bunge hazimlazimishi mbunge kupumua. Mwingine akasema, basi angalau amelala. Spika akasema, "Mheshimiwa si wa kwanza kulala humu ndani, na wenzake hatukuwazika." Wabunge walicheka, wakapiga meza.

Kisha likaja suala la kura. Aliyelala atapigaje kura? Spika aliwaza kwa muda mrefu, tukimsikia anavyokohoa. Mwishowe akasema, "Tuzitazame mila zetu. Bibi harusi anapoulizwa kama amemridhia mume, akanyamaza, tunasemaje?"

"Ameridhia!" Bunge zima likaitika.

"Basi na Mheshimiwa akinyamaza, ameridhia."

Kinu walishangilia. Waziri Mkuu akaomba Bunge liwe na imani na serikali yake. Wabunge wakagawanyika sawasawa. Spika akauliza, "Mbunge wa Mtoni Kavu?" Pakawa kimya. "Amekubali." Kinu wakapata serikali, wakacheza ngoma mle ndani.

Baada ya chakula cha mchana Kiongozi wa Mchi akaomba Bunge lisiwe na imani na serikali hiyo. "Mbunge wa Mtoni Kavu?" Kimya. "Amekubali." Mchi wakapata serikali, wakacheza ngoma pale pale.

Ikawa hivyo kila siku. Asubuhi serikali ya Kinu, jioni serikali ya Mchi. Nilitegemea watachoka waniachie mtu wangu. Sikuwajua. Baada ya muda wakagundua kwamba kwa miaka yote hawajapata kuwa na mbunge mzuri kama yule. Hakuna kilicholetwa mbele yake akakikataa. Mshahara wa wabunge ulipandishwa, alikubali. Magari yao yakaondolewa kodi, alikubali. Kinu na Mchi, ambao hawakuwahi kuafikiana hata kuhusu saa ya kufungua mlango, wakaafikiana jambo moja: Mheshimiwa Masumbuko asizikwe.

"Wanamsifu," alisema Mama Hidaya. "Sikiliza, Bibi, wanasema ni mbunge bora."

"Zima hiyo redio, mwanangu," nilimwambia. "Nifungie kanga yangu nzuri. Naenda kumchukua."

*

Mji mkuu una jengo la Bunge refu kama kiburi, lakini mlangoni pake nilikuta wema. Amri ilikuwa mtu yeyote kutoka Mtoni Kavu aoshwe miguu, asije akaingia na udongo. Askari wa mlangoni aligusa maji akaona ni ya baridi, akaenda kuchanganya na ya moto. Aliniosha nyayo kama anayeosha za bibi yake. Alikung'uta viatu vyangu, akapekua mfuko wangu, akapitisha brashi kwenye kucha zangu.

"Nisamehe, Bibi," alisema. "Nimetumwa."

"Najua, mwanangu. Umenipunguzia uchovu."

Ndani mlikuwa na vyumba vya mawaziri, vya wageni wa nje, na cha kupumzikia magari ya waheshimiwa. Cha kungojea wananchi hakikuwapo. Mtu mmoja aliyeona nimechoka kusimama alinipeleka jikoni. Huko nilimkuta mpishi wa chai, mwanamke mnene mwenye macho ya usingizi. Jina lake Mama Sikujua. Alikuwa anamenya viazi vitamu.

"Wewe ndiye bibi yake," alisema. Hakuuliza.

"Ndiye mimi."

"Kila asubuhi nampelekea chai. Wananiambia niache, ni hasara. Nawaambia, kwetu aliyelala huwekewa kitu cha kunywa." Akafuta machozi kwa mkono wenye kisu. "Anakaa vizuri, Bibi. Usiogope. Namfukuzia nzi."

Nilishika kiazi kimoja nikaanza kumsaidia, kwa kuwa mikono isiyo na kazi hulia. Viazi vile vilikuwa vimetoka shambani siku ile, vimeshikwa na udongo mwekundu, mbichi, wenye harufu ya mvua. Nilisimamisha kisu. Mama Sikujua naye alikuwa amesimamisha chake. Tukatazamana.

Serikali ilikuwa imeondoa vyungu vya maua, imeweka maua ya plastiki. Ilikuwa imemwagia saruji bustani yote. Ilikuwa imeniosha mpaka kucha. Lakini waheshimiwa wanapenda viazi vitamu.

Mama Sikujua alikwangua kiazi baada ya kiazi, bila haraka, akakusanya kile kilichodondoka akakimimina kwenye pindo la kanga yangu, akalifunga fundo yeye mwenyewe.

*

"Waheshimiwa wabunge," alisema Spika, "leo tunaye mgeni mashuhuri, Bibi Mwavita wa Mtoni Kavu."

Walinipigia meza. Waziri Mkuu alisimama akasema kwamba taifa linanishukuru kwa kuilea nguzo ya umoja. Kiongozi wa Mchi alisimama akasema kwamba yeye ndiye wa kwanza kuniita mama mzazi wa demokrasia. Wakabishana kidogo kuhusu hilo.

Niliomba nimsalimie mtu wangu. Spika aliona ni haki.

Walikuwa wamemvika suti na tai na miwani ya giza. Aliyeifunga tai ile aliifunga kwa uangalifu, haikumkaba; nilimshukuru moyoni, yeyote yule. Mbele yake palikuwa na kipaza sauti na kikombe cha chai iliyopoa. Barafu ilikuwa imepangwa chini ya kiti, inachuruzika.

"Hujambo, mume wangu," nilimwambia. "Umekonda."

Nilimvua miwani. Nikafungua fundo. Udongo ulijaa kiganja.

Aliyeona kwanza alikuwa mbunge wa mstari wa nyuma. "Ana udongo!" alipiga kelele. Wakasimama wote, Kinu kwa Mchi. Hakuna aliyethubutu kunigusa, maana desturi hairuhusu kumshika anayemwaga udongo, na desturi ilikuwa imo ndani ya Katiba.

"Bibi, tafadhali!" alisema Waziri Mkuu, na sauti yake haikuwa ya hotuba. "Fikiri kwanza. Ukimwaga huo, unamwua."

Na kweli. Ilinibidi nisimame nilifikirie hilo. Kwa desturi yetu mpaka wakati ule alikuwa amelala tu. Kama ningefunga kiganja changu nikarudi nyumbani, angeendelea kulala, angewekewa chai, angefukuziwa nzi, na mimi ningeendelea kuwa bibi mwenye mjukuu. Wale watu hawakutaka kumwachia. Mimi nilitaka? Mkono wangu ulikataa kufunguka. Sijui ulikataa kwa muda gani. Niliona sikio lake, lile la kushoto, lenye kikovu alichopata alipoanguka jikoni akiwa anatambaa. Nililishika. Lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Nikasema, "Mtoto huyu amechoka."

Nikamwaga, kwenye kifua, pale moyo ulipokuwa. Nikalitamka neno. "Amekufa."

Bunge lote likanyamaza. Mbunge mmoja wa Kinu na mmoja wa Mchi, waliokaa karibu, walikuwa wameinamisha vichwa, na mmoja alikuwa amevua kofia. Nawakumbuka. Nadhani walikuwa na wafu wao.

Kisha Spika akakohoa.

*

Kamati iliundwa pale pale. Ilipekua kifua cha mjukuu wangu kwa kijiko na kioo cha kukuzia. Iliporudi, mwenyekiti wake alisoma: kilichomwagwa si udongo kwa maana ya Katiba. Udongo huwa chini. Kilichoko juu ya kiazi ni sehemu ya kiazi, kipo chini ya Wizara ya Kilimo, na hakina uwezo wa kumwondoa mbunge madarakani.

"Wanaoafiki?" aliuliza Spika.

Wote waliafiki. Akauliza na kwa Mbunge wa Mtoni Kavu. Kimya. Amekubali kwamba hajafa.

Tangu siku ile viazi vya Bunge huletwa vimeoshwa. Mama Sikujua alihamishiwa idara ya mapazia.

Ila walinipa mtu wangu, na sababu ya kunipa ilikuwa joto. Umeme ulikuwa ukikatika, barafu haikuwa inatosha, na waheshimiwa wa pande zote mbili walikuwa wameanza kugombania viti vya dirishani. Waziri Mkuu na Kiongozi wa Mchi walileta hoja kwa pamoja, ya kwanza ya namna hiyo katika historia: kwamba Mheshimiwa Masumbuko anaweza kuendelea kunyamaza akiwa jimboni, karibu na wananchi wake wanaomhitaji. Kiti chake kitabaki, na kipaza sauti chake kitabaki wazi.

Kibwana alitusafirisha kwa gari lake la samaki. Nilikaa naye mbele. Kila penye shimo alisimama kabisa kabla ya kulivuka.

*

Nyumbani watu walikuwa wamekwisha kukusanyika. Lakini majembe hayakuwapo, na askari wa kulinda udongo alikuwa bado pale, na bunduki yake, amesimama kwenye eneo la makaburi. Alikuwa na umri kama wa Masumbuko. Mama Hidaya alimwendea.

"Baba, tufanyeje?"

Askari alitazama huku na huku. "Mimi nimeagizwa nizuie majembe," alisema. "Mikono hawakuniambia."

Tukachimba kwa mikono. Watu walileta mifuniko ya sufuria, vijiko, vifuu vya nazi, sahani za bati. Wanawake walichimba, wazee walichimba, nesi alichimba na kanga ile ile aliyomfunika nayo imefungwa kiunoni. Ilichukua muda mrefu, kwa kuwa aliyekuwa hodari wa kuchimba makaburi katika kijiji chetu ndiye aliyekuwa anangoja amelazwa kwenye mkeka. Walipofika mahali pagumu askari aliweka bunduki chini, akavua kofia yake ya chuma, akashuka akachota nayo.

Hapo sikuwa na udongo wa kumwaga. Wangu nilikwisha kuumwaga. Nilikaa pembeni, na Mama Hidaya akaja akakaa karibu yangu, asiseme kitu.

*

Yapata mwaka sasa. Bunge linaendelea, na wasomi wanasema ni tulivu kuliko yote yaliyopita. Kinu na Mchi wanaongoza kwa zamu. Sisi hatuna mbunge, kwa kuwa tunaye. Tulipeleka wazee wakaombe uchaguzi mdogo. Wakaambiwa hakuna nafasi iliyo wazi, na wakashauriwa wamwone mbunge wao.

Majuzi uliletwa muswada kwamba zile dripu zibaki kwenye maonyesho moja kwa moja, ili wageni wa nje wasikose kuona mafanikio yetu. Tulikuwa kwa Mama Hidaya tunachambua mchele. Redio ilikuwa wazi.

"Kinu?" Spika aliuliza. Wakagawanyika. "Mchi?" Wakagawanyika. "Mbunge wa Mtoni Kavu?"

Ni lazima aache nafasi kidogo hapo, kanuni zinamtaka angoje. Unasikia kipaza sauti kikivuma mbele ya kiti kitupu. Siku zote katika nafasi ile mimi huinama. Siku hiyo niliona nesi wetu, aliyekuwa amekuja kuomba chumvi ya kuwachanganyia wagonjwa maji, amesimama mlangoni ameshika kifuniko cha mtungi cha kuitilia, macho yake yako kwenye redio. Nikaweka ungo chini.

"Amekufa," niliiambia redio. "Nilimzika. Asingekubali."

"Amekubali," alisema Spika.

Tangu hapo tunafanya hivyo kila Bunge linapokaa. Sikumwagiza mtu. Inapofika zamu ya jimbo letu, Mama Hidaya huongeza sauti, na kile kimya kinapoanza nasema neno lile, naye analisema, na nyumba ya pili wanalisema, na ya tatu, mpaka kule zahanati na ng'ambo ya makaburi. Unalisikia linakwenda, sauti za wazee na za watoto, moja baada ya nyingine: amekufa, amekufa, amekufa.

Spika hatusikii. Huhesabu kimya chake, akaandika. Sisi tunarudia mpaka nyumba ya mwisho imesema, ndipo tunaendelea na mchele.